Jina la Mpigaji Lionekane Kabla ya Kupokea Simu

Na Mwanaidi Kibwana

Mkulima wa Ulaya, wilayani Kilosa, akituma pesa kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha muamala. Namba hiyohiyo ikimpigia, haoni ila tarakimu. Si kwamba kumbukumbu hazipo, kwani tangu Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kampuni inamjua mwenye laini. Asiyemjua ni yule anayepaswa kuamua apokee au asipokee. Kampuni za simu zilazimishwe kuonyesha jina lililosajiliwa kila inapopiga namba ngeni.

Kwa sasa, mtandao hupeleka namba ya mpigaji pamoja na ombi la kuunganisha simu. Jina tunaloliona ni lile tulilohifadhi wenyewe. Zamani tarakimu za mwanzo zilitutajia angalau kampuni, lakini tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao na namba yake, hivyo dalili hiyo nayo imefifia. Wenye simu janja hutegemea programu ya Truecaller, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2009, ambayo hukusanya majina kutoka kwa watumiaji, ya kweli na ya kubuni. Mwenye kitochi hana hata hiyo. Na hapa ni Morogoro, mkoa ambao taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeutaja pamoja na Rukwa miongoni mwa vinara wa utapeli wa simu.

Wapo watakaosema faragha itavunjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawapa hoja. Mwanamke anayemkwepa mtu anayemsumbua ana haki ya kulindwa. Basi aruhusiwe kuficha jina, na mpokeaji aonyeshwe kwamba limefichwa. Tukumbuke pia kwamba jina hilo tayari huonekana kwa yeyote anayeanza kumtumia pesa. Wengine watasema tapeli hutumia laini ya mtu mwingine. Ni kweli, jina si cheti cha uaminifu. Lakini anayejiita ofisa wa benki huku jina la mtu binafsi likisomeka, uongo wake unaanza kuumbuka kabla hajafika mbali. Mwenye jina naye atakuwa na sababu ya kupiga *106# kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. India haikuona mambo haya kuwa kikwazo: Februari 2024 mdhibiti wake alipendekeza huduma kama hii. TCRA ifanye majaribio, na ianzie Morogoro.