Ada imefutwa, halafu?

Hivi jamani, kufuta ada ndiyo mwisho wa kazi? Ya kidato cha 1 hadi 4 ilifutwa 2016, ya 5 na 6 ikafuata 2022. Safi sana. Ila mimi ninayezunguka Bukoba na Muleba kusaka habari nawakuta wahitimu vijiweni.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana 2013 kwamba kijana wa chini ya miaka 25 apewe kazi, masomo au mafunzo ndani ya miezi 4 tangu amalize shule.

Mtasema wao matajiri. Haya, halmashauri zetu kisheria hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kukopesha vijana. Lakini mkopo unasubiri kikundi. Aliyemaliza shule jana nani anamtafuta?

Waheshimiwa madiwani, kuwaorodhesha tu kunahitaji utajiri gani?