TAHARIRI: Aya Isomeke Katika Kila Simu

 

Ndugu Waislamu, Ramadhani iliyopita tuliwaagiza wanafunzi wetu wasome kwa simu darsa tuliloliweka katika tovuti yetu. Mmoja akaisoma aya kwa namna iliyotushtua. Tulipoitazama simu yake, tulikuta herufi za Kiarabu zimeachana, irabu zimeangukia herufi zisizo zake, na neno zima limegeuka vijisanduku vitupu. Katika kompyuta ya ofisini ukurasa ule ule ulikuwa safi. Kosa halikuwa la mwanafunzi. Lilikuwa letu sisi, tuliotazama kioo kimoja tukadhani tumeviona vyote.

Wanazuoni wa nahau hupokea kisa cha msomaji aliyetia kasra mahali pa dhumma katika aya ya tatu ya Suratut-Tawba, maana ikapinduka vibaya mno. Kwa kuchelea makosa kama hayo, Abul-Aswad ad-Du’aliy alitia nukta za irabu, na baadaye Al-Khalil bin Ahmad akaziwekea maumbo tunayoyajua leo. Kazi ile ilimlenga msomaji aliye mbali, asiye na mwalimu wa kumsahihisha. Msomaji huyo leo ameshika simu.

Tangu mwaka 1991 upo utaratibu wa Yunikodi, unaoipa kila herufi nambari yake moja duniani kote. Lakini tovuti nyingi hutegemea fonti maalumu iliyomo katika kompyuta ya mtengenezaji pekee. Hata zile fonti 604 zinazofuata Msahafu wa Madina, kila ukurasa na fonti yake, zina hatari hiyo: mtandao ukiwa dhaifu fonti isifike, hubaki alama zisizo na maana. Zinapendeza, wala hatuzilaumu. Ila anayezitumia aweke na maandishi ya Yunikodi ya kushika nafasi yake. Maandishi hayo yasipigwe upya kwa mkono. Mradi wa Tanzil ulioanza mwaka 2007 umeyahakiki na kuyatoa kwa kila anayeyahitaji. Na katika HTML ielezwe wazi kuwa kifungu ni cha Kiarabu na huanzia kulia, la sivyo nambari za aya na mabano huruka upande usio wake.

Wapo ndugu waliokimbilia picha, wakisema picha haivunjiki. Ni kweli, lakini neno lililomo ndani yake halitafutiki, asiyeona anayetumia programu ya kusomewa haambulii kitu, na katika kioo kidogo herufi huwa kama sisimizi. Tena picha hula bando la mtu aliyelinunua kwa shida.

Yapo pia mazoea ya zamani. Katika miaka ya 2000 tovuti nyingi ziliandika kwa fahari kuwa huonekana vyema kwa Internet Explorer, katika kioo cha pikseli 800 kwa 600. Kivinjari hicho kilistaafishwa Juni 2022, na Flash ilikoma mwisho wa 2020. Kurasa zilizojengwa juu yake ni magofu. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza njia iliyo bora: upana upimwe kwa asilimia, picha isizidi safu yake, na kanuni za CSS ziulize kwanza upana wa kioo ndipo zipange safu. Uongezwe na mstari mmoja wa kuiambia simu itumie upana wake halisi. Bila ya mstari huo, simu nyingi huuchukua ukurasa kana kwamba una upana wa pikseli 980, kisha huubana wote mpaka hausomeki.

Basi kabla ya kutangaza ukurasa wowote, ufunguliwe kwa Chrome, Firefox, Safari na Opera Mini, na kwa simu ya bei ndogo kuliko zote zilizopo nyumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo iamue.

Darsa la Ramadhani tumeliondoa hadi mwalimu wa tajwidi azikague aya zake zote kwa simu tatu tofauti. Msomaji atakayeona kijisanduku popote katika kurasa zetu atuandikie aina ya simu yake na kivinjari anachotumia, na aitaje aya yenyewe.