Asili Gani Mnayoililia?

Hakuna matanga Homa Bay siku hizi bila mtu kushika maikrofoni na kulia kwamba muziki wa Wajaluo umekufa. Juzi Rodi Kopany alikuwa mzee mmoja wa kanisa. Eti kinanda cha umeme kimeua ohangla, eti vijana wamemezwa na rumba ya Kongo, turudi kwenye asili.

Asili gani, mzee?

Hiyo ohangla unayoililia leo, ya ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge, wazee wenzako wa zamani waliiona ni uchafu na vijana wakakatazwa kuisogelea. Akodioni, ile tunayoiita onanda kana kwamba iliota Gwassi, ilitoka Ulaya. Na benga? Wapiga gitaa walichukua mwendo wa nyatiti, nyuzi nane zile, wakauhamishia kwenye gitaa, chombo cha kigeni, huku masikio yao yamejaa rumba ya Kongo, ambayo nayo ililelewa na sahani za santuri kutoka Kuba. Nani aliwauliza pasipoti?

Tukiuliza pasipoti tutaaibika. D. O. Misiani wa Shirati Jazz, ambaye watu wa Migori wangependa kumfanya wao peke yao, alizaliwa 1940 Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Muhuru Bay. Benga yenyewe ilisafiri mpaka Zimbabwe, na huko wakaiita kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo, mtayarishaji wetu aliyeuza sahani zile na baadaye akawa mbunge. Sijasikia Wazimbabwe wakilia kwamba Wajaluo wamewaharibia utamaduni. Waliicheza, wakaichanganya na yao, maisha yakaendelea.

Hata Sri Lanka, mbali kote huko, harusi hainogi bila baila. Jina ni la Kireno. Mdundo wake una mkono wa Waafrika waliopelekwa kisiwani na Wareno, wengine wakiwa watumwa. Vizazi vyao bado wapo Sirambiadiya, karibu na Puttalam, na bado wanaimba. Wasinhala leo wanaicheza baila kama yao, na ni yao kweli. Kinachoniuma mimi si mchanganyiko. Ni kwamba wanacheza wengi, na wale walioleta mdundo wanakumbukwa na wachache.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na hapo ndipo wazee wetu hawagusi. Wapiga benga wengi wa enzi za sahani walilipwa mara moja studioni, basi, sahani ikauzwa miaka na miaka. Leo mpiga solo anakesha matangani Rongo, asubuhi anaambiwa ngoja kidogo, familia bado inahesabu michango. Anangoja mpaka saa nne, gitaa mgongoni, halafu anapewa nusu na nauli haimo. Mbona hilo halishikiwi maikrofoni? Kinanda kimoja kinachukua nafasi ya watu sita kwa sababu watu sita hamtaki kuwalipa, si kwa sababu Wakongo wametuloga.

Turudi Rodi Kopany. Saa tano usiku yule yule mzee wa asili alinyanyua mkono, muziki ukasimamishwa, akatoa noti ya mia mbili kwa ajili ya pakruok. Akajisifu yeye, na ng'ombe wake, na wakwe zake wa Karachuonyo, dakika nzima. Kisha akamwamuru kijana wa kinanda aongeze sauti.