Usipoziba Ufa, Fukusi Ataingia

Ndugu msomaji, juma lililopita nilimkuta mama mmoja huko Mbagala, wilayani Temeke, akichimba viazi vitamu vya chakula cha mchana. Kwa nje vilipendeza. Alipovikata, ndani vilikuwa na vijitundu vyeusi na harufu kali. Karai zima likamwagwa. Jasho la miezi mitano likapotea, na watoto wakasubiri fedha ya unga.

Adui huyo ni fukusi wa viazi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu, umbo lake likifanana na sisimizi mkubwa. Jike hutaga mayai ndani ya shina au kiazi, na funza wake hutoboa njia humo humo. Kiazi nacho, katika kujihami, hutoa uchungu usioondoka hata kikichemshwa. Kisiliwe, wala mbuzi asipewe.

Lakini fukusi ana udhaifu mmoja: hawezi kuchimba ardhi. Hukifikia kiazi kwa kupitia nyufa. Masika yakiisha, udongo hukauka. Kiazi nacho hunenepa na kulipasua tuta. Hapo ndipo mlango unapofunguka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shambani, usipoziba ufa utakula uchungu.

Basi tuufunike udongo. Panda kunde zitambaazo kwenye mifereji baina ya matuta. Kivuli chake huhifadhi unyevu, na majani yake ni mboga. Zikianza kuyasonga marando, zikate uzilaze juu ya tuta. Asiye na kunde atandaze nyasi kavu zisizo na mbegu. Huko Marekani, watafiti wameona kuwa viazi mviringo vilivyotandazwa majani makavu hushambuliwa kidogo zaidi na mbawakavu wa Colorado, kwa kuwa wadudu wanaomla adui huyo hupata maficho humo.

Hata hivyo, kufunika peke yake hakutoshi. Chagua marando ya nchani, kwani mayai hukaa zaidi kwenye shina kuukuu. Usipande jirani na shamba lililokwisha kushambuliwa. Pandishia udongo mara uonapo ufa. Ng'oa magugu yatambaayo ya jamii ya viazi, maana fukusi huishi humo pia. Viazi vikikomaa, vichimbe. Kuvihifadhi ardhini wakati wa kiangazi ni kumwandalia mgeni karamu. Mabaki yote yaliyotobolewa yachomwe au yafukiwe chini sana.

Mwaka 1974, baada ya ukame, taifa liliitwa katika Kilimo cha Kufa na Kupona, na wakazi wa mijini nao wakashika majembe. Leo, kuanzia Bunju hadi Mbagala, vishamba vya uani bado huokoa mishahara mingi isifike dukani. Jioni ya leo, ndugu msomaji, zunguka matuta yako pamoja na watoto. Mwone nani atakayekuwa wa kwanza kuuona ufa, na nani atakayeuziba.