Ndege 41, 20 au 10: hesabu ya Ukraine na Urusi isomwe namna gani?

Jumapili tarehe 1 Juni 2025, ndani kabisa ya ardhi ya Urusi, mapaa ya vibanda vya mbao vilivyopakiwa kwenye malori yalifunguliwa kutoka mbali. Ndani yake zilitoka droni ndogo zikielekea viwanja vya ndege za kivita. Ukraine inasema zilikuwa 117, na kwamba maandalizi yalichukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kiwanja kimoja kilichoshambuliwa, Belaya katika mkoa wa Irkutsk, kiko zaidi ya kilometa 4 000 kutoka Ukraine. Moshi haujatulia, hesabu zikaanza kutolewa, na hadi sasa hazijapatana.

Idara ya usalama ya Ukraine, SBU, ilitangaza kwamba ndege 41 zimepigwa, kwa hasara ya dola bilioni 7. Wizara ya ulinzi ya Urusi ilikubali tu kwamba ndege kadhaa zilishika moto katika mikoa ya Murmansk na Irkutsk. Kwingineko, yaani Ivanovo, Ryazan na Amur, ilisema mashambulizi yalizimwa. Siku chache baadaye, naibu waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Sergei Ryabkov, akadai kwamba ndege hizo hazikuteketea bali ziliharibika, na zitatengenezwa. Maafisa wa Marekani nao waliliambia shirika la habari Reuters kwamba zilizopigwa zinafikia 20, na zilizoteketea ni 10 hivi.

Msomaji wa Goma au Bunia, aliyezoea kupokea matangazo mawili yasiyofanana kuhusu mapigano yale yale, atasema haraka kwamba kuna mkweli mmoja na waongo wawili. Safari hii mambo si mepesi hivyo.

Neno la kuangaliwa ni kitendo kilichotumiwa. SBU ilisema ndege zimepigwa. Vichwa vingi vya habari duniani viligeuza neno hilo vikaandika kwamba zimeteketezwa. Droni moja hubeba mlipuko mdogo tu. Ikitua juu ya bawa lenye mafuta, ndege nzima inaweza kuungua ikabaki majivu. Ikitua mkiani, inaweza kuacha tundu ambalo mafundi wataliziba. Katika zile 41, zote mbili zinahesabiwa. Ndiyo maana afisa wa Ukraine mwenyewe, Andriy Kovalenko, anayeongoza kituo cha serikali cha kupambana na habari za uongo, alisema zilizoteketea kabisa ni 13 angalau. Kati ya 13 za Kyiv na 10 za Washington hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi wenyewe uko kwenye ndege zilizoguswa: ni 41 au ni 20?

Hapo ushahidi wenyewe una mipaka. Picha za satelaiti huona kilichoungua: alama nyeusi yenye umbo la mabawa kwenye saruji. Haziwezi kuona tundu dogo kwenye mwili wa ndege iliyosimama wima. Waliozichunguza picha za Belaya na za Olenya, mkoani Murmansk, walihesabu ndege 12 hivi zilizokwisha kabisa. Hiyo ndiyo sakafu ya hesabu. Chini yake hakuna wa kushuka kwa haki. Video za droni zina udhaifu wa upande mwingine. Kamera hufa pamoja na droni, kwa hiyo video inathibitisha kwamba droni ilifika, haionyeshi kilichofuata. Tena droni mbili zinaweza kuiendea ndege moja.

Kwa hiyo maneno ya Ryabkov hayasimami: jivu halina fundi. Lakini 34%, sehemu ambayo Ukraine ilisema imepigwa kati ya ndege za kurusha makombora ya masafa marefu, nayo isomwe kwa uangalifu. Jenerali wa Ujerumani Christian Freuding alikadiria kwamba zilizoharibiwa ni 10% hivi ya kundi zima la ndege hizo. Asilimia ni sehemu ya kitu, na kila mmoja alichagua kitu chake cha kugawanya.

Kuna jambo jingine ambalo idadi tupu haisemi. Ndege mbili za rada aina ya A-50 zilipigwa Ivanovo, lakini wachambuzi waliotazama picha za nyuma walisema zilikuwa zimelala pale muda mrefu bila kuruka. Ziko kwenye orodha, ila jeshi la Urusi halikupungukiwa sana. Tu-95 na Tu-22M3 ni habari nyingine. Ndizo zinazorusha makombora juu ya miji ya Ukraine, na viwanda viliacha kuziunda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Iliyoungua haina wa kuchukua nafasi yake.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na tofauti ya ndege ishirini. Wakumbuke tarehe 5 Juni 1967. Asubuhi hiyo Israel ilishambulia kwa ghafla viwanja vya Misri, na kwa muda wa saa chache sehemu kubwa ya ndege za Misri iliteketea chini kabla ya kuruka. Redio ya Cairo ikawa inatangaza ushindi. Mkuu wa jeshi, Abdel Hakim Amer, akatuma ujumbe Amman kwamba 75% ya ndege za Israel zilizoshambulia zimeangamizwa. Rada za Jordan zilipoona ndege zikielekea Israel, zilidhaniwa ni za Misri. Zilikuwa za Israel zikirudi kujaza mafuta. Mfalme Hussein alikuwa tayari amefungwa na mkataba aliousaini na Misri siku chache kabla, lakini alijitupa vitani siku hiyo akiamini hesabu hiyo. Kwa muda wa siku tatu, Jordan ilipoteza Yerusalemu Mashariki na Ukingo wa Magharibi.

Si lazima mtu adanganye ili hesabu ipotoke. Tarehe 15 Septemba 1940 Uingereza ilitangaza kwamba imeangusha ndege 185 za Ujerumani; kumbukumbu za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita, zilionyesha 60 hivi. Marubani wengi waliiona ndege ile ile ikianguka, na kila mmoja akaihesabu yake.

Siku moja baada ya shambulio la 2025, wajumbe wa Kyiv na Moscow walikaa mezani mjini Istanbul. Upande mmoja ulihitaji 41, mwingine ulihitaji neno "kadhaa". Tofauti iliyobaki itamalizwa na muda: ndege iliyotobolewa ikionekana tena angani, itolewe kwenye hasara, ikikaa miezi na miezi bila kusogea, ibaki. Kwa sasa, gazeti linaloandika 41 liandike pia "zilizopigwa, kulingana na Ukraine", na linaloandika 12 liandike "zilizoonekana zimeungua".