Magari ya hisani: mkoa wa Kagera na swali la mchango unaohesabika

Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, makumi ya magari yenye uwezo wa kupita porini huelekea katika eneo la Kenya ambalo washiriki hawalijui hadi tukio linapokaribia. Kila gari hupangiwa vituo 13 vya kufikia ndani ya saa 10. Mshindi si anayewahi kufika. Ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa kutembea umbali mfupi kuliko wenzake, na ndiyo maana madereva hushuka makorongo na kukwea miamba ambayo dereva mwingine yeyote angeizunguka. Mashindano hayo huitwa Rhino Charge na yalianza mwaka 1989.

Kwa mtazamaji wa kawaida, hilo linaweza kuonekana kuwa ni anasa ya watu wenye magari ya gharama kubwa. Lakini ipo sharti moja inayolitofautisha na starehe nyingine za barabarani: hakuna gari linaloingia uwanjani kabla wahusika wake hawajachangisha kiwango cha fedha kilichowekwa, na ipo heshima ya pekee kwa gari lililokusanya nyingi kuliko yote, hata kama limekwama katika kituo cha pili. Fedha hizo huenda Rhino Ark, taasisi iliyoasisiwa na Ken Kuhle mwaka 1988 ili kuwalinda faru weusi wa Milima ya Aberdare dhidi ya majangili kwa kujenga uzio wa umeme.

Uzio huo ulikusudiwa kwanza kufunika sehemu ndogo tu ya hifadhi. Kadiri miaka ilivyopita, wahusika walibaini kwamba faru hawezi kulindwa pasipo msitu, na kwamba msitu huo ndio chanzo cha maji yanayotegemewa na jiji la Nairobi na wakulima wanaouzunguka. Mwaka 2009 uzio ulikamilika ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400, baada ya miaka 20 ya kazi iliyofanywa kwa michango ya wananchi na makampuni, mamlaka za wanyamapori na misitu, na Serikali ya Kenya. Baadaye kazi ilihamia msitu wa Eburu na Mlima Kenya.

Jambo la kuzingatia hapa ni kilomita. Aliyetoa mchango mwaka 1995 aliweza kuambiwa, mwaka uliofuata, uzio umefika wapi. Hakuhitaji hotuba. Angeweza kwenda kuuona, na mkulima aliyekuwa akipoteza mahindi yake kwa tembo angeweza kumweleza kama umemsaidia au la.

Nairobi ina mfano mwingine wa aina tofauti. Tangu mwaka 1970, klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo imekuwa ikiandaa maonesho ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hupimwa kwa alama: mwili wa nje, sehemu ya ndani, injini, hata upande wa chini ambao mmiliki wengi hawajawahi kuutazama. Gari la zamani lililotunzwa vyema linaweza kulishinda jipya. Maonesho hayo yamedumu kwa sababu klabu yenyewe ni ndogo, ina kanuni zinazojulikana, na waamuzi wake hutoa alama kwa maandishi.

Tanzania si mgeni katika shughuli za namna hii. Mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Oktoba 2024, jiji la Arusha lilipokea wamiliki wa Land Rover kutoka sehemu mbalimbali katika tamasha lililolenga kutangaza utalii na kuivunja rekodi ya dunia ya msururu wa magari hayo, iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Tamasha la Arusha lilionesha kwamba gari kuukuu, lile lililobeba wauguzi, mabwana shamba na watalii kwa miongo kadhaa, bado lina nguvu ya kuwakusanya watu. Hata hivyo, hisani haikuwa shabaha yake kuu.

Kwa upande wa hisani, mfano wa karibu zaidi hauna magari kabisa. Ni Kili Challenge, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mgodi wa Dhahabu wa Geita na kuendeshwa kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS. Washiriki hupanda Mlima Kilimanjaro kwa miguu au kuuzunguka kwa baiskeli, na wafadhili huchangia mapambano dhidi ya Virusi vya UKIMWI. Wakazi wa Kagera wana sababu ya kipekee ya kuufuatilia mfuko huo. Ni katika mkoa wao ambapo wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na vijiji vya Bukoba na Muleba vilikuwa miongoni mwa vilivyobeba mzigo mzito kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana.

Hapo ndipo hoja ya magari ya hisani inapogusa maisha ya Kagera. Tamasha ni la siku moja. Je, mahitaji ya wanaokusudiwa kusaidiwa nayo ni ya siku moja?

Kumbukumbu ya karibu ni ya Septemba 10, 2016. Alasiri ya siku hiyo, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa, likaua watu 17, likajeruhi mamia na kubomoa au kutia nyufa maelfu ya nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimewasomesha viongozi wengi wa nchi hii, ziliharibika kiasi cha kutokalika. Kilichofuata kilikuwa wimbi la ukarimu: wafanyabiashara, mabalozi, wasanii, wabunge, taasisi za dini na wananchi wa kawaida walichanga fedha, mabati, saruji, mahema na vyakula.

Wimbi hilo liliacha mambo mawili ambayo mwandaaji yeyote wa shughuli ya hisani katika mkoa huo hana budi kuyajua, kwa kuwa wachangiaji wanayakumbuka. La kwanza ni la akaunti. Kabla ya mwezi kwisha, watendaji kadhaa waliondolewa au kusimamishwa kazi kutokana na kufunguliwa kwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Hatua zilichukuliwa haraka na kutangazwa hadharani. Lakini shaka ikishaingia kwa mchangiaji haitoki kwa tangazo moja.

La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa halikuwa kosa la mtu. Januari 2, 2017, akiwa Bukoba, Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alieleza kwamba Serikali haitajenga nyumba ya kila mwathirika. Itarejesha shule, zahanati na miundombinu mingine ya umma, na wananchi wajenge nyumba zao. Kiutawala, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Fedha zilizokusanywa zisingetosha nyumba zote, ilhali shule moja huhudumia vizazi. Ihungo ilijengwa upya na leo ina majengo ambayo wanafunzi wa zamani hawakuyapata. Hata hivyo, mwananchi aliyekuwa akilala chini ya turubai katika kibanja chake, na aliyesikia redioni kwamba watu wanachanga kwa ajili ya waathirika, alijielewa kuwa yeye ndiye mwathirika. Mchangiaji naye, aliponunua bati moja, aliona kichwani mwake paa la nyumba. Wote wawili hawakudanganywa, hawakuelezwa mapema.

Tofauti kati ya Aberdare na Bukoba, basi, haikuwa wingi wa fedha wala wema wa watoaji. Uzio ulitajwa kabla ya fedha kuombwa. Mwaka 2016 fedha ziliombwa kwanza, katika taharuki ambayo kila mtu anaielewa, na matumizi yakafafanuliwa baadaye. Ni haki kuongeza kwamba tetemeko halitoi nafasi ya kupanga kama mashindano ya magari yanavyotoa. Tamasha la kila mwaka halina udhuru huo.

Wilaya ya Muleba inao mfano wa namna nyingine ya kusaidia, usio na shamrashamra. Huko Nshamba, tangu mwaka 2003, mradi wa kwaWazee umekuwa ukiwapa wazee pensheni ndogo ya fedha taslimu kila mwezi, hasa mabibi waliobaki na wajukuu baada ya watoto wao kufariki. Kiasi chenyewe ni kidogo. Tathmini ya mradi huo iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ambavyo fedha zilinunua. Bibi aliyekuwa akiomba chumvi kwa jirani aliweza kununua yake. Mtoto aliyekuwa akikosa shule kwa aibu ya nguo chafu alirudi darasani.

Nguvu ya fedha hizo ilikuwa katika kuja kwake. Bibi alijua kwamba mwezi ujao zitakuja tena, na kwa hiyo aliweza kukopa sabuni dukani na kulipa, au kununua kuku akijua hatalazimika kumuuza wiki inayofuata. Zanzibar iliichukua njia hiyo kiserikali mwaka 2016 ilipoanza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na Tanzania Bara ina mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF. Msaada wa siku moja, hata ukiwa mkubwa, haufanyi kazi hiyo. Magunia ya mchele yanayokabidhiwa mbele ya kamera huisha, na mara nyingi huisha kabla picha hazijasahaulika.

Hilo halina maana kwamba tamasha la magari halifai. Maana yake ni kwamba mapato ya siku moja yanaweza kupangwa yatoke kwa miezi 12, au yaelekezwe kwenye kitu kimoja kinachoonekana na kinachobaki: matundu ya vyoo katika shule inayojulikana kwa jina, tangi la maji ya mvua katika zahanati fulani, bima ya afya ya kaya zilizoorodheshwa na serikali ya kijiji. Shabaha ndogo iliyotimia huleta mchangiaji mwaka wa pili. Shabaha kubwa isiyopimika humleta mara moja tu.

Mazingira ya Kagera yanaruhusu. Kila Desemba, wenyeji wa mkoa huo waishio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurejea kwa magari, na barabara ya Muleba hadi Bukoba hujaa namba ambazo hazionekani miezi mingine. Uongozi wa mkoa umeanzisha tamasha la Ijuka Omuka, maana yake kwa Kihaya “kumbuka nyumbani”, ili ujio huo uwe pia wa uwekezaji na maendeleo. Magari yapo, wenye magari wapo, na sababu ya kuwakutanisha ipo. Kinachobaki ni utaratibu, na utaratibu una sheria zake.

Klabu inayotaka kuandaa shughuli ya aina hiyo inapaswa kwanza kuwepo kisheria. Ikiwa ni ya michezo, usajili wake hupitia mamlaka zilizo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967; ikiwa ni jumuiya ya kijamii, usajili uko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi; ikiwa ni shirika lisilo la kiserikali, inahusika Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Mashirika ya kundi hili la mwisho yanabanwa pia na kanuni za mwaka 2018, zinazoyataka kutangaza hadharani mapato na matumizi ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Msafara wa magari barabarani unahitaji taarifa ya maandishi kwa Jeshi la Polisi saa 48 kabla, na busara inadai mapema zaidi ya hapo, kwa kuwa barabara hiyohiyo hupitisha malori ya kahawa, mabasi, bodaboda na watoto watokao shule.

Masharti hayo huonekana na baadhi ya waandaaji kuwa kikwazo, na katika ofisi ambazo jibu la barua huchukua majuma, malalamiko yao yana msingi. Ofisi zinazopokea maombi ya aina hii zingefanya vyema kutaja siku ya kujibu. Lakini ni usajili huohuo unaompa mchangiaji pa kuanzia iwapo jambo litakwenda kombo.

Mwananchi wa Kashai, Kamachumu au Rubya anayesoma bango la tamasha la hisani anaweza kuuliza mambo manne kabla ya kutuma fedha kwa simu: jina lililosajiliwa la mwandaaji, jina linalotokea simuni anapoweka namba ya malipo kama ni lilelile, kitu gani hasa kitanunuliwa na wapi, na tarehe ambayo hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata. Bango lenye majibu hayo manne halihitaji kuwa kubwa.