NENO LA KATIBU: DUMU LA MAJI HALINA KADI

Wanachama wenzangu, poleni nyote kwa mvua za wiki hii.

Tangu juzi simu yangu haipumui. Swali ni lile lile: maji tuliyoyachangia atagaiwa nani, na je, si haki wenye kadi waanze? Najibu hapa kwa wote, pasije pakawa na "Katibu kaniambia hivi, wewe kakwambia vile".

Jibu ni hapana. Maji yatagaiwa kwa orodha ya Sheha, jumba kwa jumba, ngazi kwa ngazi, wakiwemo wale tunaobishana nao barazani kila jioni. Najua wapo watakaonuna. Wanune, lakini wasome mpaka mwisho.

Choo cha jirani asiye na kadi kinamwaga kwenye chemba ile ile inayopokea cha kwako. Mvua ikiijaza, inafurika mbele ya mlango wa wote. Ukimpa maji safi mwanachama ukamwacha wa mlango wa pili achote popote, huyo mwanachama hujamsaidia. Watoto wao wanacheza pamoja kwenye ngazi hizo hizo. Tumesahau Aprili 2016, skuli zilipofungwa Unguja na Pemba kwa sababu ya kipindupindu? Ugonjwa ule haukuuliza mtu ni wa chama gani, na ulikuja mwaka ambao sisi kwa sisi tulikuwa hatusalimiani vizuri.

Wengine wananiambia Katibu anatisha watu, Unguja haipigwi na vimbunga. Aprili 1872 ilipigwa. Kimbunga kiliangusha mikarafuu na kikaharibu meli za Sultan Barghash bandarini. Mei 2024 kilikuja Hidaya, boti za Dar es Salaam zikasimama, kisha kikapungua nguvu kilipofika upande wa Mafia. Tukamshukuru Mungu, tukarudi kulala. Na si lazima upepo uguse paa lako. Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 tulikaa kama miezi mitatu bila umeme, na pampu zikanyamaza. Kina mama wa majumba haya wanakumbuka walivyopandisha ndoo kichwani kila alfajiri.

Hapo ndipo nina deni la kukiri. Masika iliyopita tuligawa maji kwa jina la tawi, na daftari nililishika mimi. Madumu yakapangwa chini ya jumba, picha zikapigwa, nikaandika "yamegaiwa yote" na nikasaini. Hesabu ilikaa sawa mpaka dumu la mwisho. Siku ya pili mjukuu wa bibi mmoja wa ghorofa ya juu akanambia bibi yake hakuonja hata kikombe. Hawezi kushuka, na hakuna aliyempandishia. Nimesomea uhasibu, na sikufundishwa safu ya kuandika "nani hakushuka". Safari hii safu hiyo ipo, tena ni ya kwanza kwenye ukurasa.

Tupige hesabu pamoja. Kiwango cha chini kinachotumika duniani wakati wa maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kutawadha na usafi. Nyumba ya watu sita ni lita 90, yaani madumu manne na nusu. Gari la lita 10,000 linatosha watu 666 kwa siku moja tu. Na dumu la lita 20 ni kilo 20 za kubeba ngazini. Kwa hiyo anayetaka kulisaidia tawi hili, baada ya fedha nahitaji mabega ya vijana. Ghorofa za juu ndizo zitakazoanza, na wazee, wajawazito na wagonjwa wataanza kabla ya wote.

Maji ya visima tusiyaamini kipindi hiki hata yakiwa meupe. Kisima kinatakiwa kiwe mbali na karo mita 30 au zaidi, na ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, uchafu unasafiri humo upesi. Yachemsheni, au tieni vidonge vya klorini kama paketi inavyoelekeza na msubiri nusu saa. Yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi. Gari la maji likija, muulizeni dereva amejaza wapi. Asiyetaka kusema, mwacheni aende zake.

Chemba ikifurika, msifungue kifuniko ili maji ya mvua yapate njia. Mnaitoa kinyesi nje. Mwambieni Sheha, naye atawasiliana na Baraza la Manispaa. Mtu akiharisha maji meupe mfululizo, asingojee asubuhi. Apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi huku anapelekwa hospitali.

Bendera haitafungwa kwenye gari la maji, na hakuna picha ya mtu anayepokea dumu. Bendera ina kazi zake nyingi, hii si mojawapo. Aliyechanga kwa ajili ya picha aje kwangu, nitamrudishia mchango wake na risiti nitampa.

Mapato na matumizi, pamoja na risiti zote, nimeyabandika mlangoni mwa tawi. Yeyote anaweza kusoma, mwenye kadi na asiye nayo. Ukiona kosa, nipigie kabla hujalituma kwenye makundi.

Kesho baada ya sala ya Alasiri tukutane tawini. Kila jumba lilete vijana wanne na jina la kila asiyeweza kushuka ngazi. Mwenye dumu tupu lenye kifuniko alilete limeoshwa.

Katibu wa Tawi
Michenzani